Mdogo Wangu, Mota Hiyo Haijafa

Njoo ukae, tuongee. Najua una boksi la viatu chini ya kitanda, na ndani yake zimo mota za droni ulizozing'oa moja moja kila ulipoangusha. Hii nyaya zimekatika, ile imejaa mchanga wa Coco Beach, ile nyingine hukumbuki hata imeingiaje humo. Huzitupi na huzitengenezi. Ukilivuta boksi roho inakusuta, unalirudisha uvunguni. Wanaonieleza habari hii ni wengi: vijana wa kupiga video za harusi, wanafunzi wa vyuo wanaounda droni zao kwa vipuri vya kuagiza, hata wazazi walionunulia watoto za kuchezea. Karibu wote huanza kwa aibu. Aibu ya nini, mdogo wangu? Mrusha droni asiyeangusha bado hajazaliwa. Kinachosikitisha ni mota kuishia dampo la Pugu Kinyamwezi hali bado ina uhai ndani yake.

Maana ukweli ndio huo: nyingi mnazozizika ni nzima. Kinachotangulia kufa ni beringi, au waya umenyofoka pale unapotokea kwenye mota, au mchanga umeingia. Koili na sumaku, ambazo ndizo mota yenyewe, mara nyingi hazijaguswa. Lakini wewe ulisikia mkwaruzo, ukapandwa na hasira, ukaagiza nne mpya kwa mpigo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nakuelewa. Mzigo ukifika moyo unatulia kwa siku mbili, halafu unaangusha tena, na boksi linazidi kujaa. Ukiwa na droni ya kupewa na mjomba au kaka, ndiyo kabisa: unanunua kimyakimya ili asijue, unakopa, unadanganya kuwa droni iko kwa rafiki. Hapo ndipo ninapokukamata mkono. Uongo huo unakugharimu kuliko mota.

Kwanza tutenganishe, maana hapa watu wanachanganya. Zile droni ndogo za kiganjani huwa na mota nyembamba za mviringo zenye nyaya mbili. Ndani zina brashi, na brashi hulika. Zikishalika ndiyo mwisho wake, usijitese nazo. Ziweke kando, nitakwambia pa kuzipeleka. Ninazozisema mimi ni zile zenye nyaya tatu, zisizo na brashi, ambazo kikombe cha nje ndicho kinachozunguka. Ubavuni utaona namba, tuseme 2207, na namba nyingine yenye herufi KV. Ya kwanza inakwambia kwamba chuma kilichozungushiwa koili kina kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 7. KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Ziandike kwenye daftari kabla hazijafutika. Ukizipoteza, hata fundi atakayetaka kukusaidia atakuwa anabahatisha.

Sasa chukua moja, ile unayoichukia kuliko zote. Toa propela, na hili sitaki mjadala: mota haijaribiwi na propela ikiwa juu yake, hata kwa sekunde moja, vidole havioti upya. Tandika kitambaa cheupe mezani. Usifanyie sakafuni kwa mchomeleaji, maana sumaku zitaokota kila unga wa chuma ulioko pale. Zungusha kikombe kwa kidole, taratibu. Utahisi kinakwama kwa vihatua vidogo vinavyolingana. Usiogope, ni sumaku zinapita mbele ya meno ya chuma, ndivyo ilivyoundwa. Unachokisikilizia ni mkwaruzo, kitu chenye chengachenga. Kisha gusanisha ncha za nyaya mbili kati ya zile tatu, uzungushe tena. Kikombe kitakuwa kizito ghafla. Achia, ufanye hivyo kwa jozi nyingine, halafu jozi ya tatu. Zote tatu zikiwa nzito sawasawa, njia za koili zako hazijakatika. Jozi mbili zikiwa nyepesi, angalia ni waya upi uliokuwemo kwenye zote mbili: huo ndio uliokatika. Mara nyingi umekatika nje, mahali unapouona kwa macho yako, na unachohitaji ni solda na mkono uliotulia. Hapo hujanunua kifaa hata kimoja.

Ukiwa na mita, gusa waya mmoja na chuma cha mota. Ikilia, enameli ya koili imeungua na umeme unavuja hadi kwenye mwili wa mota. Hiyo usiirushe tena, nisikie vizuri. Chungulia pia ndani ya koili: shaba nzima inang'aa wekundu, iliyoungua ni nyeusi na inanuka. Najua wapo mafundi wa kusuka mota wanaoweza kuizungushia waya mpya, na ukitaka kujifunza kazi hiyo, kaa na meno yake 12 uisuke, utafaidika. Ila mimi singerusha mota iliyosukwa kwa mkono juu ya vichwa vya wageni wa harusi. Ni ya mezani, ya kujifunzia.

Ukiusikia mkwaruzo, ni mchanga au ni beringi. Geuza mota: chini kuna skrubu ndogo au kiklipu chenye umbo la C. Kiklipu hicho ukikibinua kinaruka na hukioni tena, kwa hiyo funika kwa kitambaa kabla hujakigusa. Vuta kikombe kitoke wima. Utaona sumaku zimejipanga kwa ndani, mara nyingi 14, na kama ulitua ufukweni utakuta zimeota ndevu nyeusi. Hizo ni chembe zenye asili ya chuma zilizomo kwenye mchanga wa pwani yetu, na sumaku haiziachii kwa kupuliza wala kwa kusuuza. Bandika selotepu, ng'oa, bandika tena, ng'oa, mpaka itoke safi. Hapa ndipo wengi mnaposhindwa. Mnafanya mara mbili, mnachoka, mnarudisha kikombe, mkwaruzo uko palepale, mnasema mota mbovu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mdogo wangu.

Ikiwa ilizama kwenye maji ya chumvi, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, si kesho. Ikauke kabisa, kisha tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila beringi. Ukingoja, chumvi itaanza kula beringi, na kama ganda la nikeli la sumaku limechunika, kutu itaingia hadi kwenye sumaku yenyewe. Nimesema siku hiyohiyo kwa sababu najua tabia yenu: droni ikiopolewa majini, kila mtu anakimbilia kuokoa kamera na kadi ya picha, mota zinaachwa kwenye mfuko wa plastiki na maji yake.

Beringi ikiwa imekufa, hubadilishwa. Mota nyingi za ukubwa wa 2207 hubeba beringi mbili zenye tundu la milimita 4 na kipenyo cha milimita 9, lakini pima za kwako usininukuu mimi dukani. Unapoingiza mpya, sukuma kwa kugusa pete ya nje. Ukigonga pete ya ndani umeiharibu kabla haijazunguka hata mara moja. Na mota iliyopona irudishe kwa wenzake: nne za droni moja ziwe na ukubwa mmoja na KV moja. Ukichanganya, moja inafanya kazi ya ziada, inapata moto, na tunarudi kwenye boksi. Ikizunguka kinyume, badilishana nyaya mbili zozote, itageuka. Ila angalia nati ya propela, maana mota nyingine zina hesi za kukazia kulia na nyingine kushoto, na kubadili nyaya hakubadili hesi. Nati inayofunguka yenyewe angani ina hatari yake.

Sasa nifike kwenye linaloniumiza. Yupo atakayekwambia, “Mota ni shaba, na shaba ni pesa, choma uuze.” Wapo wanaofanya hivyo uani, jioni, wakati watoto wanacheza. Hebu tuhesabu pamoja. Mota ya 2207 ina gramu thelathini na kitu. Tuwe wakarimu tuseme theluthi yake ni shaba: gramu 10. Kilo moja inadai mota 100. Unazo 100 wewe? Unazo saba. Kwa ajili ya gramu 70 unawasha moto, unachanganya na mabaki ya nyaya ili angalau mzigo uonekane, na moshi mweusi unaingia dirishani kwa bibi na kwenye kifua cha mdogo wako wa mwisho. Moshi wa nyaya za plastiki huzaa dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi na inayoweza kuleta saratani. Mtoto hatakohoa leo ukaona kosa lako leo. Ndiyo maana watu wanaendelea. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Tena moto huohuo unaua kilicho adimu zaidi ndani ya mota, nacho ni sumaku. Sumaku hizi za neodimiamu, chuma na boroni si za zamani sana. Zilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kwake, Masato Sagawa huko Japani na John Croat huko Marekani. Bila hizo droni yako ingekuwa nzito zaidi. Zile za kawaida huanza kudhoofika zikipita nyuzi joto 80 hivi, na kwenye moto wa uani nguvu yote inatoweka. Neodimiamu inachimbwa kwa shida. Ipo kwetu pia: mlima Ngualla mkoani Songwe una hazina yake, Mrima huko Kwale imo, Gakara nchini Burundi imeshawahi kuchimbwa. Na mkoa huohuo wa Songwe ndiko iliko Tunduma, wanakopita madereva wa malori yaliyobeba shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Watu wanavunja milima na kulala barabarani kutafuta vitu viwili ambavyo wewe unavyo kwenye boksi la viatu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa madini haya adimu hali ni mbaya zaidi: urejelezaji unakidhi kama asilimia moja tu ya mahitaji. Sikutwishi dunia kichwani, mdogo wangu. Nakuomba kiberiti tu.

Na hapa sitabembeleza. Sumaku ukizitoa kwenye kikombe, zihesabu, zitie kwenye chupa yenye kifuniko, iweke juu ya kabati. Mtoto akimeza moja, ni jambo la kumwahisha hospitali. Akimeza mbili, zinatafutana zikiwa ndani ya utumbo, zinabana kuta zake katikati mpaka zinatoboka, na mtoto anafanyiwa upasuaji. Mwanzoni anaweza kulalamika tumbo tu, ukadhani ni minyoo. Usimpe mtoto sumaku achezee ati anyamaze. Usizikate, usizitoboe, usizisage kwa grainda, kwa sababu ni rahisi kupasuka, vipande vinaruka machoni, na vumbi lake hushika moto. Na mzee mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asikalie meza unayofanyia kazi hiyo.

Wengi mnapenda kuniuliza kama mota zikifungwa kwenye pangaboi la kujitengenezea zitatoa umeme wa nyumba. Najua mmeona video. Mota ukiizungusha hutoa umeme kweli, Faraday alishatuonyesha tangu mwaka 1831. Lakini soma ile namba ya KV niliyokuomba uiandike. Mota ya 2300KV inataka karibu mizunguko 2,300 kwa dakika ili itoe volti moja. Kataa kadogo ka LED nyeupe kanataka volti tatu hivi, yaani karibu mizunguko 7,000. Upepo wa Kigamboni hautazungusha pangaboi lako hivyo. Ile mota kubwa ya droni ya kamera yenye 900KV ni afadhali: mizunguko 2,700 inatosha kuwasha kataa hako, na drili ya fundi inaifikisha. Kwa hiyo usimwahidi mama umeme. Mota hiyo mpelekee mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani yenu. Wanafunzi wanaosoma sumaku na umeme kwa kuchora ubaoni watashika kikombe, waone sumaku, waone koili, wafunge LED kwenye nyaya mbili, drili izunguke na taa iwake mbele yao. Mota isiyofaa kuruka ni mwalimu mzuri sana, na hiyo kazi peke yake inaitosha. Wapo pia wanaozitumia kuendesha vyombo vidogo vya chini ya maji, kwa kuwa koili zimefunikwa enameli. Vijana wa Mwanza na Kisumu wenye ziwa mlangoni mngeweza kujaribu, ila beringi mtazibadilisha mara kwa mara.

Ukiamua kuuza mota iliyopona, uza. Akiba haiozi na hakuna aibu kuuza kilichotumika. Lakini sema yote. Iliyowahi kuzama, sema ilizama. Uliyobadilisha beringi, sema. Mnunuzi ataipachika kwenye droni itakayopita juu ya watu, na mota ikifa angani kwenye droni ya propela nne, droni nyingi haziwezi kujishikilia, zinashuka. Ukimficha ukapata elfu chache za ziada, utalala usingizi gani siku ukisikia imeshukia kichwa cha mtoto?

Zilizobaki, zile zilizoungua kweli na zile ndogo za brashi, zikusanyeni pamoja. Mtu mmoja na mota saba hana sauti kwa mnunuzi yeyote. Wanachuo kumi na wapiga picha watano wa mtaa mmoja wakijaza ndoo, wana mzigo. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za kielektroniki, Rwanda wana kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Kwingine, kabla hujamkabidhi mtu, muulize ana kibali cha kazi hiyo, na muulize waziwazi anazitenganishaje. Akikwambia anachoma, rudi na ndoo yako. Muuza vyuma chakavu anayepita na mkokoteni simlaumu, anatafuta riziki. Ila kama utampa, mpe zikiwa zimeshafunguliwa, shaba mbali, alumini mbali, na sumaku ubaki nazo wewe mpaka upate wa kuzipokea. Ukimpa nzima, anayezinunua kwake ndiye atakayewasha moto, na utakuwa umehamisha moshi tu.

Betri isiingie humo. Nasema tena, betri isiingie kwenye ndoo hiyo. Betri za droni zikibonyezwa au kutobolewa huwaka, na moto wake unakataa kuzimika. Iliyovimba usiifungue uone kuna nini, usiikalie, usiisafirishe kwenye begi la daladala. Iweke nje, mbali na vitu vinavyowaka, kwenye chombo cha chuma au ndoo ya mchanga, na ukiipeleka kwa wanaorejeleza waambie kabisa kwamba ni betri.

Nawe unayemkwepa mjomba, mwambie Jumamosi hii. Usianze na machozi wala na maelezo ya upepo ulivyokuwa. Kaa leo na kesho utengeneze moja, hata kama nyingine zimekushinda. Nenda nayo mkononi, mzungushie kikombe mbele yake asikie hakikwaruzi, mwonyeshe na zile tatu zilizobaki za droni yake na useme kila moja ina nini. Kisha mtajie bei ya beringi sita, umwombe hiyo tu.